Ulimi Mwekundu Mwezi wa Ramadhani

Mtu aliyenifanya nifungiwe chumba changu cha gemu yu hai, ana afya, na mimi humwombea umri mrefu. Watu wakinisikia hudhani nimeongoka. Sijaongoka. Nataka aishi sana, aamke kila siku na apite mbele ya nyumba yetu, maana njia ya kwenda msikitini ni hiyo hiyo moja, na kila akipita anione nimekaa barazani.

Wakati ule nilikuwa nimerudi kwetu Msambweni baada ya kuachika. Mume aliniacha kwa simu, akiwa Lunga Lunga na biashara zake za mpakani, na huyo sina neno naye, kwa kuwa hasira yangu ina mwenyewe na mwenyewe si yeye. Nilimkuta mamangu peke yake, miguu imeshaanza kumkataa. Nyumba yetu ina chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani ambamo marehemu baba alikuwa akiuza mafuta ya taa. Nami nilikuwa nimemfanyia kazi mzungu mmoja wa Diani, nikimpikia na kumfulia, na alipouza vila yake arudi kwao aliniachia vitu chungu nzima. Nguo nilizigawa. Televisheni mbili, mashine mbili za gemu na kapu la sidii nilivibeba kwa tuktuk mpaka nyumbani. Nikatandika mikeka, nikaning'iniza feni, na haukupita muda vijana wa mtaa wakawa wananiamkia kwa adabu ambayo mama zao hawakuwahi kuiona.

Mimi mwenyewe sikuwahi kucheza. Najua tu kwamba kulikuwa na gemu za mpira, za magari, na zile ambazo wao wenyewe waliziita za kuua. Mtu anatembea na bunduki, kila anayemkuta mbele anamlaza chini, damu inaruka mpaka kwenye kioo. Zilinichukiza, lakini ndizo walizozipigania. Mamangu alikaa barazani na tasbihi yake, na watoto wakitoka alikuwa akiwauliza, "Haya, leo wamekufa wangapi?" Wanamjibu, "Wengi, bibi." Naye anasema, "Mungu awarehemu," kisha anaendelea na uradi wake.

Siku moja akaja kijana wa serikali ambaye kazi yake ilikuwa kukagua vibanda vya video na vyumba vya gemu. Mtu wa bara, mpole, mkoba begani. Akachukua yale makasha ya sidii moja moja akiyageuzageuza, mpaka akafika kwenye ya zile za kuua, akanionyesha namba iliyochapwa pembeni.

"Mathe, unaona hii namba? Kumi na nane. Hii si ya watoi. Hii ni ya watu wazima pekee. Nikirudi nipate mtoi anaicheza, itabidi nifunge hapa, na mimi sitaki ubaya na wewe."

"Mtu mzima ni yupi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mathe, si unajua tu. Mtu mzima ni mtu mzima."

Akaniachia namba yake ya simu, akapanda bodaboda akaenda zake. Mimi nikabaki na kile kitendawili. Nilijaribu kwanza kuwauliza miaka yao. Kila niliyemuuliza alikuwa na miaka kumi na minane, hata yule ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota. Vyeti vya kuzaliwa vimo ndani ya masanduku ya mama zao, na ni mama gani atakayefungua sanduku ili mwanawe akacheze gemu? Nikakaa nikafikiri kama tulivyolelewa. Kwetu mtu mzima hajulikani kwa keki za siku ya kuzaliwa. Mtu mzima ni aliyebaleghe, ambaye malaika wameshaanza kumwandikia mema na mabaya yake. Mungu mwenyewe anaanzia hapo kumhesabu mtu, basi serikali itaanzia wapi kwingine? Niliamini hivyo, wala sikuwa nafanya ujanja.

Shida ni kwamba huwezi kumuuliza kijana wa mwenzio kama amebaleghe. Ni aibu, yeye ataona haya na wewe utaona haya. Lakini Ramadhani ilikuwa inaingia, na Ramadhani ndiyo iliyonipa jibu. Aliyebaleghe amewajibika kufunga. Basi anayefunga acheze za kuua, asiyefunga akae kwenye mpira. Na kumjua aliyefunga hakuhitaji cheti. Mamangu alitulea kwa kutuambia tutoe ulimi. Mwenye saumu ulimi wake huwa mkavu, una utando mweupe. Aliyekula anajulikana pale pale, hasa kwetu ambako kila duka linauza ubuyu wa rangi.

Mwezi ulipoandama nikawa nafungua baada ya alasiri, saa zile ambazo funga inamshika mtu kooni na magharibi haifiki. Nilisimama mlangoni. "Toa ulimi." Mweupe, pita kule kwenye za kuua. Si mweupe, mpira ule pale. Hakuna aliyebisha. Wapo vijana ambao mama zao walikuwa wameshachoka kuwalazimisha saumu, mwezi ule wakafunga wenyewe kwa ajili ya bunduki. Nia hiyo Mungu aliipokeaje sijui, lakini mama zao walifurahi, na magharibi ikikaribia sahani za futari ziliingia kwetu moja baada ya nyingine: mbaazi za nazi, mkate wa sinia, viazi vitamu, tambi. Na sisi tukirudisha zetu. Mamangu alikuwa akifunua kila kawa na kusema ni mkono wa nani kabla hajaonja.

Sasa nimtaje mtu wangu. Alikuwa mzee wa kamati ya msikiti, mwenye duka la simenti na mabati, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku za kazi. Harusi, khitma, mkutano wa shule, popote penye kipaza sauti alikuwapo. Mkewe alikuwa mdogo kwake sana, mwanamke mkimya, na ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa wetu. Hakuna mwanamke aliyekufa upande wetu ambaye hakupita mikononi mwake. Mamangu alimpenda mno. Sanda yake mamangu alikuwa ameshainunua zamani, imekunjwa sandukuni pamoja na karafuu maiti, na kila yule mwanamke alipokuja kumjulia hali alimwambia, "Mimi utanikosha wewe, umesikia? Nisije nikashikwashikwa na watu wasiojua." Mwenziwe anaitika, "Nimesikia, mama." Kwa mamangu ile ahadi ilikuwa kubwa kuliko nyumba.

Yule mzee alikuwa na mtoto wa kiume, sharubu ndiyo zinachipua, ambaye baba yake alijisifu naye kila mahali kwamba mwanangu anafunga tangu yuko mdogo, mwanangu atasalisha tarawehe. Siku moja katikati ya mwezi kijana akaja kwangu na wenzake. "Toa ulimi," nikamwambia kama ninavyomwambia kila mtu. Akajitia hasikii. Wenzake wakamsukuma, "Toa bwana, tuingie." Akafumbua mdomo kidogo. Nikamwambia afumbue vizuri. Ulimi ulikuwa mwekundu kwa ubuyu mpaka kwenye koromeo.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, na ningeletewa ule ulimi leo ningecheka tena. Nikamwonyesha upande wa mpira. Hakukaa, alitoka mbio akaacha na kofia yake.

Nilitazamia baba yake aje tugombane, nilikuwa tayari. Hakuja. Baada ya siku kadhaa nikamsikia kwenye kipaza sauti cha msikiti baada ya alasiri, na mamangu yuko pale barazani anasikia. Alisema kuna nyumba katika mtaa huu inafundisha watoto wetu kuua. Alisema mtoto akishika bunduki ya kwenye kioo leo, kesho atashika panga. Alisema serikali imeshapiga marufuku, na anayewafungulia watoto milango ya damu hana tofauti na anayewauzia bangi. Hakutaja jina. Msambweni hakuna haja ya kutaja jina.

Kesho yake gari la serikali lilisimama mlangoni kwangu. Alikuwa yule yule kijana wa mkoba, safari hii na askari.

"Mathe, nimeletewa malalamiko. Kati ya hawa wote, nani amefika kumi na nane?"

Nikamweleza. Nikamwambia hawa waliokaa huku wote wamefunga, nimewaangalia ndimi zao mmoja mmoja, na hapa hapiti mtoto.

"Ndimi?"

Askari alicheka mpaka akaegemea mlango. Yule kijana hakucheka, nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Akasema, "Mathe, sheria haijui mambo ya saumu. Inajua miaka." Wakabeba televisheni, mashine, kapu la sidii, wakaacha mikeka na feni. Vitu vile sijaviona tena mpaka leo.

Sheria ilikuwa upande wa yule mzee, sibishi. Namba ilikuwa imechapwa na mimi niliiona. Angekuwa mtu aliyekereka na zile gemu tangu mwanzo angekuja siku ya kwanza, tungezungumza. Alikuwa amepita mlangoni kwangu miezi yote ile, akisikia milio ya risasi na kuniitikia salamu. Alichokishtaki ni ule ulimi wa mwanawe, akautafutia jina zuri la serikali. Ndiyo maana nilimchukia, na nilimchukia kwa mapana na marefu.

Na bado hilo la chumba ningelimeza. Lililofuata ndilo lililonikaa kooni. Magharibi ya siku ile nilipeleka sahani zetu kwa majirani kama kawaida. Zilirudi na kawa zake hazijafunuliwa. "Mama amesema ahsante, tumeshatosheka." Kesho yake vivyo hivyo. Na kwetu haikuingia hata sahani moja. Hakuna aliyekatazwa kwa mdomo, lakini nani alitaka kuonekana anakula na nyumba iliyosemwa kwenye kipaza sauti? Mamangu alikuwa akikaa amekunja miguu karibu na mlango, anasubiri adhana na masikio yako barabarani. Akisikia hatua anasema, "Hao wanakuja." Hatua zinapita. Nikamwambia, "Mama, tule." Akala tende moja na maji. Mwanamke aliyelisha mtaa ule tangu hajaota mvi.

Hata yule mwosha akaacha kuja. Hapo ndipo mamangu alipoingiwa na hofu. Nilimsikia akijisemea wakati wa kuvua miwani yake, "Sasa mimi nani atanikosha?"

Nilitaka kumsomea yule mzee Halubadiri, ile dua ya kumshtaki mtu kwa Mungu, ambayo kwetu mtu akisomewa hata kama hana kosa hapati usingizi. Nilishamtafuta na mwalimu wa kuisoma. Mamangu akanikatalia. "Halubadiri ikiingia nyumba haichagui. Itampata na mkewe. Na mkewe mimi ninamhitaji." Nikaiacha kwa shingo upande.

Idi ikaja, tukaila sisi wawili. Baada ya Idi mamangu akashikwa na kifua, akawa hawezi hata kufika barazani. Akaniita, akanishika mkono. "Nenda kamtake radhi yule mzee. Sisemi umekosa. Nenda kwa ajili yangu, mkewe apate kuja." Nilimwambia sitakwenda, ng'o. Akaanza kulia, na mamangu nilikuwa sijamwona akilia tangu kufa kwa baba. Basi nikavaa buibui langu nikaenda.

Alinipokea akiwa amekaa kitini, mimi akaniacha nimesimama ukumbini. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kutaka radhi, na mamangu mgonjwa, na namwomba amruhusu mwenziwe aje kumwona. Hakunijibu la mkewe. Alinipa hotuba.

"Unajua kosa lako nini? Kosa lako ni kujitungia sheria. Ati amefunga, ati amebaleghe. Mtoto ni mtoto mpaka atimize miaka kumi na minane. Serikali imesema. Kabla ya hapo akili yake haijakomaa, hajui linalomfaa na lisilomfaa. Ni sisi wakubwa wa kumlinda."

"Ni kweli, mzee," nikasema, huku nikitazama mkeka.

Na pale ukumbini ndipo nilipoona. Wanawake watatu wa nyumba ile walikuwa uani wanachagua mchele, gunia zima limefunguliwa. Mkewe alikuwa kati yao, ameinamia ungo, hakuinua uso. Kwenye kamba kulikuwa na leso mpya zimeanikwa doti kwa doti. Ule haukuwa mchele wa chakula cha jioni.

"Naona mna shughuli, mashaallah," nikasema.

Uso wake ukakunjuka. Akasema, ndiyo, mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, inshallah wanamuoza binti yao kwa bwana mmoja wa Ukunda mwenye maduka. Binti yenyewe nilimjua vizuri. Nilikuwa nikimwona akipita na sare ya shule, begi kubwa kuliko mgongo wake, na alikuwa nyuma ya yule ndugu yake wa ubuyu kwa kuzaliwa.

Nikamuuliza kwa upole sana, upole ambao sijui niliutoa wapi. "Kwani ameshatimiza miaka mingapi, mzee?"

"Ameshabaleghe," akasema. "Alhamdulillahi."

Wallahi hakusita hata kidogo. Hakusikia alichokisema. Mimi nilikisikia, na moyo wangu ulikunja mguu ukakaa. Nikamuaga kwa heshima zote, nikamtakia heri ya shughuli, nikatoka. Njiani nilikuwa natembea kama mtu aliyepewa zawadi.

Mamangu hakuwa mjinga, aliniona usoni tu nilipoingia. Nikamweleza kila kitu, nikiwa nimeshashika simu. Akajaribu kuinuka kitandani. "Usipige. Ukimwaibisha mumewe, yule mwanamke hatatia mguu humu ndani. Hata akitaka, hataruhusiwa. Utanizika bila mwosha kwa ajili ya televisheni?"

"Si televisheni, mama. Ni sahani zako zilizorudishwa."

"Sahani ni zangu. Mimi nimeshasamehe."

Nilikwenda kupigia uani ili asisikie. Nilijua ninachokihatarisha. Mtu asije akanipamba akasema nilifanya kwa kumwonea huruma yule binti. Huruma ilikuwapo, kidogo, pembeni. Kilichonibonyezea zile namba ni kisasi, kilikuwa kitamu na cha moto kama uji wa futari.

Yule kijana wa mkoba aliponitambua sauti alidhani nataka vitu vyangu. Nikamwambia, hapana mwanangu, nina mtoto hapa ambaye hajafika kumi na nane, anataka kuingizwa kwenye mchezo wa watu wazima, njoo ukague. Nilipomfafanulia akasema, "Mathe, hiyo si idara yangu. Lakini najua wenyewe. Nitawaambia."

Walikuja siku ya binti kutiwa hina. Nilikuwa nimejua kwamba ni siku hiyo, na tangu asubuhi nilikuwa nje, ng'ambo ya barabara, nimejitafutia mahali ambapo mtu akitoka mlango wa mbele lazima anione. Afisa wa watoto alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, naye amefuatana na askari wawili. Wakamtoa yule mzee nje mbele ya wageni, mbele ya watu wa kamati, mbele ya sufuria za pilau. Yule mama akamuuliza, "Huyu binti ana miaka mingapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaniona. Nilikuwa nimesimama tu, mikono ndani ya buibui, sikucheka wala sikununa.

"Ana miaka mingapi, mzee?" yule mama akarudia.

Hakulitaja lile neno lake la kubaleghe. Wakampeleka kituoni akaweke sahihi kwamba hatamuoza, bwana harusi wa Ukunda akageuza gari lake njiani, na binti akapelekwa shule ya bweni akaendelee na masomo. Kamati ikamwomba mzee apumzike kidogo na mambo ya kipaza sauti. Nilirudi nyumbani nikapika ugali na samaki wa kupaka, nikala mpaka nikalamba vidole.

Mamangu hakula. Alikuwa ameshasikia, habari Msambweni hazihitaji miguu. Akasema, "Yule nimemsamehe. Na wewe nimekusamehe, mwanangu. Lakini mwosha wangu umeninyima." Akageukia ukutani. Siku zilizofuata alizungumza nami ya maji na ya dawa tu.

Alifariki asubuhi moja, jua limeshapanda, akiwa ametoka kuomba maji. Nilimfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa, nikatuma habari msikitini. Wanaume walikuja, kwa sababu jeneza la Mwislamu halisusiwi hata na adui, wakakaa nje kwenye viti. Wanawake walikuja wachache, wakakaa karibu na mlango wa ukumbi kama watu wanaosubiri gari. Hakuna aliyeingia ndani. Bibi mmoja akasema mgongo wake hauwezi tena kuinama, mwingine akasema yeye hajawahi kukosha, anaogopa kukosea. Nikasema nitamkosha mimi. Nikatoa sanda sandukuni, nikatoa na karafuu maiti. Sikujua nianze na upande gani. Mamangu alikuwa amelala pale chini ya shuka, na ninaapa kwamba wakati ule nilimlaani yule mzee, nikailaani simu, nikajilaani na mimi.

Pazia likafunuliwa. Akaingia yule mwosha, kikapu chake mkononi, kilemba kimefungwa kwa haraka. Hakunipa pole. Alikunja mikono ya kanzu yake, akaniambia, "Maji ya mkunazi yako wapi? Lete. Na funga dirisha hilo."

Tukafanya kazi. Alimgeuza mamangu taratibu, kama anamgeuza mtoto aliyelala, akimwagia maji huku midomo inasoma. Kila akitaka kumgusa alimwambia, "Samahani, mama." Mimi nilimwagilia alipopaonyesha. Nilikuwa nataka kumwambia kitu, sijui nini, nikaanza, "Dada, lile jambo la..."

"Usiniombe radhi," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nililetwa nyumba ile sijavunja ungo. Mwanangu nilikuwa namtazama tu, sina la kufanya. Kila sala nilimwomba Mungu alete mtu. Akakuleta wewe na roho yako mbaya." Akakamua kitambaa. "Mwagia hapa, kwenye bega. Polepole."

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa sijalia tangu asubuhi.

Tulimvisha sanda akapendeza. Wanawake walipomwona yule mwosha ameingia, wakaingia na wao, chumba kikajaa, na mamangu akatolewa na watu wake wote kama alivyotaka. Nje yule mzee alikuwa amekuja pia. Angefanyaje, na mkewe yumo ndani? Alitia bega lake kwenye jeneza pamoja na wenziwe mpaka makaburini.

Waliporudi kuzika, alikuja mlangoni kwangu peke yake, ameshika viatu mkononi. Akainamisha kichwa. "Dunia mapito. Tusameheane."

"Mamangu alikusamehe," nikamwambia. "Mimi bado."

Akasema basi, nimwitie mwenziwe waende nyumbani, kumeshakuchwa na hakuna aliyepika. Nikaingia ndani. Yule mwosha alikuwa amelala kwenye mkeka wa matanga, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka, mmoja anamkanda mikono. Nikamwambia mumeo yuko nje, anakuita. Akafumba macho. "Mwambie siendi. Nitakaa matanga mpaka yaishe, na yakiisha nitafikiri."

Nilimfikishia salamu zile neno kwa neno. Sikumsamehe siku ile wala sijamsamehe mpaka leo, na mkewe hajawahi kuniomba nimsamehe.